Shangazi, Serikali Imetuacha

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa najua hapana wa kuniitikia marahaba. Nimekaa ukumbini mwako, juu ya mkeka, na masanduku yangu yako mlangoni. Kesho nahamia Changamwe. Nimepewa uhamisho wa kazi, nitasomesha skuli ya huko, na Baba asema nyumba hii ataipangisha. Nimeona siwezi kupanda feri bila ya kukwambia yaliyopita tangu tulipokuzika. Nimejaribu kukwambia kaburini, nikashindwa. Watu wanapita, na wewe ulinifundisha kwamba mambo ya nyumbani hayasemwi watu wakipita.

Nianze na lililo baya. Kisima kimekufa. Shimo lipo, palepale ubavuni mwa ukuta wako, lakini maji hayanyweki wala hayafai kufulia. Nitafika huko.

Wakumbuka tulivyokianza? Mifereji ya Likoni wakati ule ukiifungua ilitoa upepo na kutu. Wanaume wa mtaa walikuwa wakienda ofisini, wakirudi na ahadi, wakienda tena. Wewe ulikuwa hapo barazani na karai lako la mahamri, unawasikiliza wakipanga safari nyengine ya kwenda kumwona mheshimiwa. Ukasema, "Haya, nyinyi ngojeni. Sisi twachimba." Walicheka. Ukamwita fundi kutoka Mtongwe, na kila nyumba ikatoa ilichoweza. Huyu alileta mchele wa kumpikia fundi, yule saruji iliyombakia alipojenga, mwengine alimtuma mumewe aje avute udongo jioni akitoka kazini bandarini. Hukuliandika jina la mtu. Nilipokuuliza tutawajuaje waliotoa na wasiotoa, ulinitazama kana kwamba nimekutukana.

"Wa nini kujulikana? Mwenye kiu yuwaja, yuwateka, yuwaenda zake."

Na ilikuwa hivyo, Shangazi. Miaka mingi ilikuwa hivyo. Mimi niliyoyaona sitaki mtu aniambie hayakuwako. Hapakuwa na zamu iliyopangwa, lakini ukingo wa kisima ulikuwa ukifagiwa. Hapakuwa na mlinzi, lakini ndoo ilikuwa haiibiwi. Mjamzito alitekewa maji na wenzake hata kabla hajafika.

Halafu akaja naibu wa chifu na vijana wa chama. Akasema kikundi lazima kiandikishwe, kiwe na mwenyekiti na mweka hazina, na kisimani pawekwe kibao chenye jina la mheshimiwa. Ulimkaribisha kwa heshima zote, ukamwekea chai ya tangawizi na mahamri ya moto. Kisha ukamwambia, "Bwana naibu, mwenyekiti wa nini, nasi hapa twakaa mkekani?" Hata yeye alicheka. "Kikundi hakuna, baba. Kuna watu na majirani zao." Alipoondoka alikuwa hacheki tena.

Mimi nilikuwa nimeanza ualimu, nakula mshahara wa serikali ya hao hao. Tulibishana jikoni, wewe wakanda unga, mimi nasahihisha madaftari. Nilikuuliza, na barabara je, Shangazi? Na hospitali? Na hii skuli ninayosomesha? Hukunikasirikia hata siku moja. Ulisema, "Mimi sisemi waondoke. Nasema wabishe hodi. Mtu yuwaingia nyumbani mwangu bila ya hodi, nikimuuliza, asema amekuja kunisaidia." Na lile neno lako jengine, ambalo wanawake walikuwa wakilirudia kisimani na kuangua kicheko: "Sitaki wanipe. Nataka waniache."

Mwaka ule tulioambiwa tupige kura kwa kusimama foleni nyuma ya picha za wagombea, mtaa mzima ukiona, ulikataa kutoka nyumbani. Naibu alimtuma mtu kuja kukuuliza kama u mgonjwa. Ulimjibu kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Mwambie mimi ni mzima. Lakini hata marehemu mume wangu alinibembeleza mwaka kabla sijamwambia kama nampenda. Leo nisimamishwe juani nioneshe moyo wangu kwa kila mpita njia?" Jikoni tulicheka na wanawake wenzako mpaka tukashika mbavu. Ulimwigiza naibu anavyotembea, tumbo mbele. Ulisema mengine pia, juu ya wakubwa, ambayo sitayaandika hata leo.

Walikuja askari kukuchukua asubuhi, mafuta yangali yachemka. Uliwaomba uipue karai kwanza, wakakataa. Niliipua mimi, nikaungua mkono, nikatoka mbio na landrova ilikuwa imeshakata kona. Majirani walikuwa wamesimama milangoni. Hakuna aliyesema neno. Siwalaumu, na mimi pia sikusema.

Ulirudi baada ya siku chache. Umevimba mguu, na buibui limechanika. Juu ya kupigwa hukulalamika. Nilikuwa nakukanda kwa maji ya moto uliponiambia, mara moja tu, na hukulirudia tena: "Yule bwana aliyenihoji aliniambia maneno yangu mwenyewe. Yote, moja moja. Hata pale nilipocheka, akacheka vile vile nilivyocheka mimi."

Jikoni siku ile tulipocheka hakukuwa na mgeni, Shangazi. Walikuwa ni wale wale wa kila siku.

Tangu hapo ulikuwa umekwisha, ingawa ulizidi kuamka alfajiri na kukanda unga. Wateja ukiwajibu kwa kichwa. Nikija na habari ya mjini, waniwekea kidole mdomoni, humu humu nyumbani mwako. Jikoni ukaanza kufunga mlango. Wanawake walipokuja walikukuta umekaa barazani, unawapokea vizuri, unauliza hali za watoto, na hapo mazungumzo yanaishia. Nilidhani umeogopa serikali. Nilichelewa sana kufahamu kwamba serikali hukuitarajia jema, kwa hiyo haikukuvunja. Ulikuwa umewaamini watu.

Miguu ilipozidi kujaa maji na pumzi ikawa taabu, nilikuvusha kwa feri nikakupeleka hospitali ya serikali. Ulipolazwa kile kitanda cha chuma uliangalia dari, ukasema, "Haya, leo wamenipata." Nilicheka nikilia. Ndio mzaha wako wa mwisho niliousikia. Halafu nesi akakuuliza, mbali na mimi, jirani gani wa karibu aandikwe, wa kupelekewa habari likitokea jambo. Ukasema, "Andika huyu mtoto tu. Jirani sina."

Jirani sina. Wewe, Shangazi.

Tulipokuzika watu walijaa mpaka njiani. Siku ya kuondoa matanga nilikuwa jikoni naosha masufuria, na akaingia mmoja wa wale wanawake wa kila siku kunisaidia. Jina lake sitaliandika, wewe wamjua. Kisha akanishika mkono, wake ungali na povu, akaniambia ni yeye aliyeyapeleka maneno yako. Mwanawe alikuwa anatafuta kipande cha utambulisho na barua ya chifu apate kazi bandarini, na naibu alikuwa amemzungusha muda mrefu, njoo kesho, njoo Jumatatu. Mwishowe akamwambia mama mtu kwamba anataka jambo dogo, kujua tu yanayosemwa kwa Bibi wa mahamri. Akaapa wallahi hakudhani watakuchukua. Akasema, "Na alijua. Siku aliyorudi alinitazama mara moja, akaniuliza kama watoto wamekula."

Nilimwambia atoke. Akatoka. Kisha nikamwita arudi, kwa sababu masufuria yalikuwa mengi na peke yangu nisingeweza. Alirudi, tukamaliza, akaenda zake.

Haukupita muda, naibu akakitia kisima kufuli, akaweka kibao chake na mwenyekiti wake. Maji yakawa na saa, na ufunguo ukawa na mwenyewe. Hilo ungelitegemea. Lakini subiri, Shangazi, maana baadaye dunia iligeuka. Vyama vikawa vingi. Watu wakasema wazi barabarani mambo ambayo wewe ulichukuliwa kwa kuyasema jikoni. Naibu akahamishwa, na aliyekuja nyuma yake hakushughulika nasi. Asubuhi moja wanawake walivunja kufuli kwa nyundo, vigelegele vikapigwa, na mimi nililia, nikisema, laiti angekuwako akaona. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Walituacha, Shangazi. Kama ulivyotaka, walituacha kabisa.

Na unajua tulichofanya?

Wenye nyumba za karibu walisema kisima ni chao, wa mbali wangoje. Ndoo zikaanza kuibiwa. Ukingo ukaota ukoga, mtoto akateleza akavunjika mkono, na kila mtu akamwambia mwenziwe kwamba kufagia si kazi yake. Kisha zikaingia siasa. Vijana wa chama hiki wakasema wale wa chama kile wasiteke, na wa chama kile wakasema watu wa bara warudi kwao wakatafute maji. Watu tuliokula nao Idi miaka yote! Walipigana hapo ukutani mwako mpaka damu. Na asubuhi moja tulipoamka tukakuta mtu amemwaga oili chafu ya magari ndani ya kisima. Nyingi, imetanda juu, inang'aa. Mpaka leo hajulikani ni nani. Kila upande wautaja mwengine.

Nilifanya ambalo nilidhani wewe ungelifanya. Nilipita nyumba kwa nyumba. Sikumwita mwenyekiti wala mheshimiwa. Niliwaambia, twendeni Jumamosi na ndoo, tuyatoe maji yote, tukikwangue, kijae upya. Wote walinikaribisha, wengine walinipa chai. Wote walisema inshallah. Jumamosi ile nilifika mapema na kamba na ndoo, nikangoja. Aliyekuja ni mmoja. Ni yeye, yule wa masufuria.

Tuliteka mpaka jua la utosi. Mabuibui yetu yalikuwa meusi juu ya meusi, mikono imechubuka, na maji yalikuwa yakishuka kidogo na kupanda tena na mafuta yale yale. Watu walipita wakatupa pole. Hata mwanawe, yule wa bandarini, alipita na sare yake, akasema, "Mama, wajichosha bure." Tukaacha. Wanawake wawili hawamalizi kisima. Nilimpa maji ya kunawa, hapakuwa na sabuni ya kutoa uchafu ule, tukaagana pale pale bila ya kutazamana.

Sasa kila nyumba yanunua maji ya mkokoteni, kila mtu na mtungi wake na kufuli lake. Hatugombani tena. Hatusemezani.

Nimekaa nikiwaza kama ulikosea. Ulisema watu wakiachwa watajuana. Mchana nasema ulikosea, kwamba tulikuwa wema kwa sababu wewe ulikuwa ukitutazama pale barazani, na ulipoondoka tukawa tulivyo. Halafu usiku nasema hapana, tuliachwa tukiwa tumeshaharibika. Mtu aliyefundishwa miaka yote kumchungulia jirani yake hawezi kuachiwa leo akawa jirani. Walipoondoka hawakuondoka na woga wao, walitubakishia. Sijui, Shangazi. Ningekuwa na wewe ungenibishia, ningejua nafikiri nini. Wenzangu skulini wanasema mambo yatatengenea, na mimi naitikia kwa kichwa kama ulivyokuwa ukifanya wewe miaka yako ya mwisho. Nimejikuta mimi pia nasema kwa sauti ya chini.

Leo alasiri Baba aliniuliza tena ni nani aliyekusema. Asema yeye ndiye ndugu yako wa tumbo moja na ana haki ya kujua kabla hatujaondoka mtaani. Amezeeka. Nilimwambia sijui. Akasema, "Wajua." Nikamwambia, "Baba, hata nikijua sisemi." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Basi nakuahidi hili, na ni hili moja tu kwa kuwa mengine siyawezi. Jina lile halitatoka mdomoni mwangu, hapa wala Changamwe, kwa Baba wala kwa mtu mwengine, na watoto wa mwanamke yule hawatayasikia haya kutoka kwangu. Usidhani nimemsamehe. Nimejaribu, moyo umekataa. Lakini aliniambia jikoni kwako, na nimechoka na watu wanaoyatoa nje yaliyosemwa jikoni. Barua hii nitaichoma nikishaimaliza.

Kwaheri, Shangazi. Kwaheri ya kukuacha wewe peke yako upande huu wa maji. Mola akupe nyumba isiyoingiwa bila ya hodi.

Nyumba nitakayokaa huko, nimeambiwa, ni ya vyumba vya safu, ukuta kwa ukuta, na mwanamke wa chumba cha pili ameshauliza nafika lini ili anipikie siku ya kwanza. Aliyeniletea salamu alidhani nitafurahi. Nilisema ahsante, kisha nikauliza kama mlango una komeo kwa ndani.

Mimi mwanao,
Zuhura