Futi Yangu na Namba ya Nyanzala

Jumatatu, 14 Julai 2025
Bila mimi Mpanda nzima ingelala milango wazi. Hilo halina ubishi! Leo nimemaliza mlango wa chekechea ya kanisa. Mninga mtupu. Na kidole gumba kibovu – hiki alichokitafuna simba, mbugani, nikamnyang'anya. Fremu katengeneza Denis, fundi mgeni kutoka Kabungu.

Jumanne, 15 Julai
Mlango umepwaya! Pembeni gumba langu linapita. Nikasema mbele ya kamati ya ujenzi ya kanisa: fremu ya Denis hiyo. Denis akasema, kaka Malale, mimi nimepima sentimita themanini. Na mimi themanini, kwa futi yangu hii ya kukunja! Miaka ishirini milango yangu inaingia kwenye fremu zangu kama mguu kwenye soksi. Mwenyekiti Telesphor anaamua Ijumaa – Denis huenda akanyang'anywa kazi ya fremu kumi na mbili zilizobaki. Ana watoto wanne.

Jumatano, 16 Julai
Nyanzala, binti wa dada yangu, kamaliza fom siksi, anasubiri chuo. Anajaza mahesabu kwenye mbao zangu! Nikamwambia fizikia nilimfundisha mwalimu wake.
"Haya mjomba, mwendo wa mwanga ngapi?"
"Inategemea barabara."
Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema sijakosea sana – inategemea mita yako na sekunde yako. Badili mita, namba inabadilika. Ila chukua chaji ya elektroni, mwendo wa mwanga, namba ya Planck na ile ya nguvu ya umeme. Zidisha hizi, gawanya kwa zile – vipimo vyote vinakatana! Inabaki namba tupu, karibu mia moja thelathini na saba. Haina mita, haina kilo. Hata watu wa nyota nyingine, na futi yao, wataipata hiyo hiyo.
"Na futi yao ikiwa mbovu?"
"Wakipimia kila kitu hiyo hiyo moja, watajuaje? Mpaka wakutane na futi ya mwenzao."
Chai sikumaliza.

Ijumaa, 18 Julai
Denis yuko nje, kwenye benchi langu. Kaja na futi yake. Anasema, kaka, tulaze zote mbili hapa, kabla ya kamati. Kwa upole tu. Telesphor anakuja na bodaboda.
Nimesema naitafuta yangu ndani. Ninayo mfukoni!
Nyanzala kachungulia mlangoni. Mjomba, nikusaidie kutafuta? Macho yake yako mfukoni kwangu.
Bodaboda hiyo, inazima.
Gumba hili halikutafunwa na simba. Ni tezo yangu mwenyewe, nikijisifia kwa wateja. Pigo lile lile lilikata na ncha ya futi. Sentimita mbili.