Kabla ya Kubonyeza Ndiyo

Jumapili, 9 Machi

Shemeji,

Hapa hatujambo. Paa tumeziba, na paka amezaa ndani ya kabati la viatu.

Ile flashi ya mfumo mpya wa kompyuta niliichomeka kama ulivyonielekeza. "Usiogope, shemeji, kila ikikuuliza wewe bonyeza Ndiyo." Ikauliza lugha, nikabonyeza. Ikauliza saa, nikabonyeza. Halafu ikauliza kama ifute kila kitu kilichomo, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Ndiyo gani hiyo ya kumwambia mjane? Humo ndimo ilimo sauti ya kaka yako, siku alipojaribu maikrofoni uliyomletea wewe mwenyewe: "Moja, mbili, mama watoto, chai iko wapi?" Nami nasikika nikimjibu kwamba jikoni anapajua. Hatuna sauti yake nyingine. Tumemzika mara moja, shemeji, inatosha.

Flashi nimeichomoa. Kompyuta imewaka kwa kujikokota kama zamani, nikaifungua ile sauti, naye akaniuliza chai.

Ukija, njoo kwanza na kitu cha kunakilia sauti hiyo, ndipo tuzungumze habari za mifumo. Watoto wanakusalimu. Utukumbuke, mimi na yeye.

Shemeji yako