Mgeni Asiyetaka Kwenda Kasarani

Jumatano, 15 Julai 1987

Wamefika! Mabasi mawili, timu nzima. Michezo ya Afrika ni Nairobi, uwanja wa Kasarani, lakini hawa wameletwa kwetu Watamu kwanza, wapate joto na mazoezi ya mchangani. Meneja alitupanga mlangoni kama watoto wa skuli, tupige makofi. Nchi yao siiandiki. Hata humu.

Nimepewa vyumba vya wanawake, ghorofa ya juu. Mkuu wa msafara wao ni bwana mmoja wa miwani myeusi. Hatazami mazoezi. Anatazama milango.

Ijumaa, 17 Julai

Yule mrefu, mtupa mkuki, jina lake Fortunata. Kiswahili anajua — cha kwao, chakwaruza kidogo, lakini twaelewana. Leo natandika kitanda, akaniuliza kwetu ni wapi, nina ndugu gani, nani ana shamba. Mbona maswali yote hayo? Mgeni huuliza habari za bahari. Haulizi shangazi yako akaa wapi. Nikamwambia kwetu mbali.

Na huyu Musyoka je? Mhudumu mpya wa baa, Mkamba, kaajiriwa kidogo tu kabla ya wageni kufika. Hajui hata kufungua soda isimwagike. Lakini kuuliza majina ya baba za watu, hapo hodari! Mwaka jana mwalimu Ngala alichukuliwa na makachero kwa maneno ya kahawani tu. Aliporudi hakuweza kushika kikombe. Nimejiambia: Kanze, fagia, nyamaza.

Jumanne, 21 Julai

Fortunata amesema. Kwanza alifungua mfereji wa bafuni, maji yakavuma, ndipo akanisogelea.

Mumewe alikamatwa mwezi wa tatu. Mwalimu. Wakubwa wa kwao wakamwambia lete medali, tutamwachia. Akajifua kama mwendawazimu. Kisha ndani ya ndege mwenzake akaropoka — mume alishazikwa, tangu kabla ya Pasaka. Sasa hataki kuwatupia mkuki. Wala kurudi hataki.

"Nifiche, dada."

Chozi hata moja! Macho makavu kabisa. Nikasema mimi mfanyakazi tu, nikabeba shuka zangu nikatoka. Na kama ni mtego? Kama yule wa miwani kamtuma aone hoteli hii ina watu wa namna gani? Ama Musyoka?

Alhamisi, 23 Julai

Leo kasema mumewe alikuwa mwanajeshi. Juzi mwalimu! Nikamkabili. Akajibu: mwalimu wa jeshini, akiwafundisha askari kusoma. Jibu lilikuja upesi mno. Ama lilikuja upesi kwa kuwa ni kweli? Sijui. Wallahi sijui.

Alasiri nilikuwa naanika mataulo, nikamwona mazoezini. Mkuki ulikwenda, ukakwenda, wenzake wakapiga kelele. Yeye hakutazama ulipoangukia. Yule wa miwani akaja akamshika shingo kwa nyuma, akicheka. Nikaona mabega ya Fortunata yameganda. Hilo haliigizwi.

Au laigizwa?

Ijumaa, 24 Julai

Nimemwambia ndiyo. Mungu wangu!

Jumapili, 26 Julai

Wakristo waliruhusiwa kwenda kanisani. Wa miwani alikaa mlango mkubwa wa kanisa. Mimi nilingoja mlango wa nyuma na leso na mzigo wa kuni. Fortunata alipotoka nikamfunga leso moja kiunoni, nyingine kichwani hadi mabegani — mabega yale yangemfichua! Nikamtwika kuni. Tukashika njia, mimi namgombeza kwa sauti kama wifi yangu: mvivu we, mumeo atakula nini leo!

Mume! Neno limeshatoka. Nikatamani kuumeza ulimi.

Akacheka. Mara ya kwanza kumsikia. Mjane wa juzi acheka hivyo? Nimelifikiria njia nzima.

Tulipopinda kona, Musyoka! Kavaa suti, kashika Biblia. "Jumapili njema," akasema. Akazitazama zile kuni. Akapita zake.

Baiskeli nilikuwa nimeiazima na kuificha vichakani. Aliendesha yeye, mimi nimepanda nyuma, tukafuata vijia vya mashambani mpaka Matsangoni. Hakupumzika hata mara moja! Shangazi Nyevu alikuwa akipepeta mahindi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu?"

"Mwenzangu wa kazini. Anaumwa, ataka kupumzika."

Shangazi akampima toka utosi hadi unyayo. "Anaumwa! Huyu angeng'oa mnazi." Lakini alimtandikia mkeka.

Jumatatu, 27 Julai

Patashika. Askari wamekuja, tumeitwa wafanyakazi wote ofisini kwa meneja. Nikasema nilimwona mara ya mwisho chai ya asubuhi. Wa miwani kaniangalia kinywa, si macho.

Kisha akaulizwa Musyoka. Mimi nimesimama papo hapo. Akasema alimwona yule dada akielekea ufuoni, peke yake, baada ya kanisa.

Amedanganya! Kwa nini? Askari wametumwa wote ufuoni kutafuta. Anayekufunika leo, kesho atakufunua kwa sababu gani?

Jumatano, 29 Julai

Timu imekwenda Nairobi, pungufu mmoja. Wa miwani amebaki. Hulia meza ya karibu na jikoni.

Naweka shuka stoo, Musyoka akaja akaegemea mlango.

"Dada Kanze, shangazi wa Matsangoni hajambo?"

Sijapata kumtajia shangazi. Sijamtajia mtu yeyote hapa! Nikasema hajambo.

Jumamosi, 1 Agosti

Siku yangu ya mapumziko. Niko kwa shangazi tangu asubuhi. Nilipita njia ya mbali, nikigeuka nyuma kila mara.

Michezo imefunguliwa! Redio tuliiweka chumbani. Umati wavuma kama mvua juu ya bati, mtangazaji ataja nchi zinavyopita. Ilipotajwa yao, Fortunata alinyoosha mkono azime. Hakuzima. Akasimama wima mpaka wakapita. Nikajiuliza: mtu aliyeuliwa mume huisimamia nchi hiyo? Nikaona haya kujiuliza. Nikajiuliza tena.

Basi hodi ikapigwa. Sauti ya mwanamume. Shangazi akaitikia karibu kabla sijamzuia. Nikachungulia dirishani — Musyoka! Ameleta mkate na sukari. Amemwamkia shangazi kwa heshima zote, amepewa kigoda, amekaa. Yuko peke yake? Nyuma ya ua sioni. Auliza kama wageni wa nyumba wameamka salama.

Fortunata amechukua mchi wa kinu. Amesimama baina yangu na mlango.

"Umemwita wewe?"

Kwa mnong'ono. Nimetikisa kichwa. Haamini. Amenikazia macho vile vile nilivyomkazia mimi siku zote hizi, na sasa najua yanavyochoma. Naandika ili aone mikono yangu iko wapi.

Shangazi aita toka uani: "Kanze! Njoo basi, mgeni wako huyu!"

Wangu!