Maksai wa Pembe Nyekundu

Kambi ya Barabara, Geita

Mdogo wangu Mathias,

Kosa la watu wengi wanapomgundua mkubwa mwizi ni kupiga kelele siku hiyo hiyo. Mwizi akisikia kelele hufuta nyayo. Ndiyo maana nimenyamaza mpaka leo, na wenzangu kambini wananiita mwoga.

Marahaba kwa shikamoo yako. Mimi mzima, kifua tu kinabana kwa vumbi. Mguu wa mama unaendeleaje?

Barua yako ilinifurahisha kuliko ulivyodhani. Unajisifu kwamba bwana mkubwa wa Geita amekuwekesha maksai wenye rangi nyekundu kwenye pembe, uwatunze kwako, nawe unawatumia kulimia pamba. Mathias, bwana huyo ni meneja wetu. Rangi ile aliipaka shemeji yetu Petro, mume wa dada, ili ng'ombe wa kitoweo chetu, walionunuliwa kwa fedha ya ofisi, wasichanganyike na wengine mnadani. Petro alipowaswaga hadi Ushirombo, meneja alimwambia awaache hapo, lori litawafuata. Kisha akaiarifu ofisi kwamba wamekufa kwa ugonjwa wa ndigana, akaomba fedha ya kununua wengine.

Lakini sisi kambini alituambia Petro ndiye aliyewala, akamfukuza mbele yetu sote.

"Bwana Meneja, si ulisema lori litawachukua?"

"Lori gani? Umekula nyama, sasa unataka kula na mshahara?"

Watu walicheka. Tangu siku ile namtakia meneja aibu ile ile, hadharani, na kicheko kile kile. Sioni haya kukwambia.

Meneja hakujua kwamba mimi na wewe tumezaliwa tumbo moja. Tena alisahau kwamba kwetu, aliyewekeshwa ng'ombe huwatangazia ndugu zake, asije akaambiwa kawaiba.

Nilikwenda Shinyanga kwa mkaguzi, nikamweleza bila kuongeza chumvi. Akasema, "Mzee, nimekusikia. Sasa nionyeshe ng'ombe." Anakuja kwako wiki hii pamoja na Petro. Wakionekana, Petro anarudi kazini. Wasipoonekana, atabaki mwizi mpaka kaburini, na meneja ataendelea kuchokonoa meno.

Najua kilimo chako kitasimama. Vumilia. Ukiwaficha, utahesabiwa mwenzake.

Msalimie mama, na mkeo aliyenitumia karanga. Dada mwambie asiuze cherehani yake, mumewe bado ana watu.

Ni mimi kaka yako Yakobo ninayekuagiza: leo hii, kabla hujawafungulia zizi, mwite balozi wa nyumba kumi aje azione zile pembe.