Kagoya Amwita Mama Yake

Jumanne, Mafubira

Dada amenipigia tena kutoka Mbale. "Una miaka hamsini na mbili! Rudi dukani tuuze vitambaa, ualimu waachie vijana." Ameniudhi, maana hata mimi naogopa kwamba nimechelewa kuanza kazi hii.

Lakini leo mama yake Kagoya alikuja darasani. Kagoya, mwanafunzi wangu, ni kiziwi, ana miaka tisa, na nyumbani wanamwita Bubu tu. Nilimfundisha mama ishara ya jina la bintiye. Alipoifanya, mtoto alimkazia macho, kisha akajibu kwa mikono.

"Mwalimu, amesema nini?"

"Amekuita mama."

Mama akaketi sakafuni, akalia. Kagoya akamfuta machozi, akamwita tena, na tena.

Kesho nitampigia dada. Nampenda, lakini dukani sirudi.