Nyumba ya Njube Haijauzwa

Njube, Bulawayo,
9 Agosti

Kwako mdogo wangu Mehluli,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Francistown, na kwamba baridi ya mwaka huu imekionea huruma kifua chako. Lorato hajambo? Mwambie wifi yake anamsalimu. Huku sote tu wazima. Sikhangezile ananyonyesha bado, na wanawe wakubwa wananenepa kama mbuzi wa mwenye shamba. Mimi cherehani ndiyo inayonila mgongo. Sare za shule haziishi.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Kwenye simu ungenikatiza, na nilichonacho leo sitaki kikatizwe.

Mambo yalianza Aprili. Asubuhi moja Sikhangezile alikuwa anafua uani, akaona bwana mmoja aliyevaa koti zuri akipima ukuta wa jikoni na fundi wake. Hawakubisha hodi. Alipowauliza wanatafuta nini, yule bwana akamsalimu kwa upole kabisa, akamwuliza, “Dada, mnahama lini? Nataka kuanza kuvunja kabla ya mvua.” Jina lake Khuphe. Akasema nyumba ni yake, kauziwa na msimamizi wa mirathi, yaani baba mdogo Mgcini. Sikha alinipigia akilia hadi nikadhani kuna msiba.

Wosia wa baba unaujua kama mimi. Nyumba alituachia sisi watatu, mimi, wewe na Sikha, fungu sawa kwa sawa, na mdogo wake akamfanya msimamizi kwa sababu alimwamini. Hakuna mahali alipoandika kwamba Mgcini auze. Basi nilifunga cherehani nikaenda kwa baba mdogo siku hiyohiyo. Nilimkuta anakula, wala hakuacha. Akaniambia paa linavuja, kuta zimechoka, na wosia umempa yeye nguvu, hivyo nisimfundishe kazi. Nikamjibu kwamba wosia ulimpa ufunguo, haukumpa nyumba.

Akaitisha kikao cha ukoo. Shangazi Bathabile alikuja na kiti chake mwenyewe, unamjua. Baba mdogo alisimama akasema mbele ya watu, “Hawa mabinti walishatolewa ng'ombe. Mtu aliyetolewa ng'ombe anadai nyumba gani kwao?” Wazee wakaguna kumwitikia. Nikamwambia, “Baba mdogo, ng'ombe wangu aliwapokea baba, na nyama ya harusi mliitafuna wote. Hakuna aliyeniambia kwamba hata matofali yangu yalikuwa yakitafunwa.” Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kwake: kwamba kaka yake alipoandika watoto watatu alikuwa na akili timamu, na yeyote anayesoma kwamba wawili kati yao hawamo, huyo ndiye kipofu. Kikao kikavunjika kwa kelele.

Wiki iliyofuata Khuphe alituma vijana wanne waje kung'oa madirisha. Nilikuwa pale. Nilisimama mlangoni nikawaambia kabla ya kugusa dirisha la kwanza waanze na mimi. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, “Mama, sisi tumetumwa tu.” Ndipo Sikha akatoka jikoni na mtoto mgongoni, mwiko mkononi, akawaambia, “Waliotumwa nao wana njaa. Naweni mikono.” Akawapakulia ugali na viwavi vya mti wa mopane alivyokaanga na nyanya. Walikula chini ya yale madirisha waliyokuja kuyang'oa, wakashukuru, wakapanda gari lao wakaondoka bila kugusa bawaba. Hawakurudi. Nasikia walimwambia Khuphe atafute watu wasiokula.

Lakini nyumba hailindwi kwa ugali peke yake. Nilikwenda ofisi ya mirathi mahakamani, nikakaa kwenye benchi mpaka nikaitwa. Afisa wetu ni mama mmoja, Bi Mhlanga, mkavu wa maneno. Alinisikiliza, akanieleza taratibu kama anayemfunza mtoto kufunga kamba za viatu. Kwamba msimamizi si mwenye mali. Anaishika kwa niaba ya warithi. Kwamba anaweza kuuza kama marehemu kaacha madeni yasiyolipika kwa njia nyingine, au warithi wenyewe wakitaka, lakini kwanza aombe ruhusa ya ofisi, na warithi wapewe nafasi ya kusema. Na kwamba mrithi ana haki ya kudai hesabu za mirathi, na akiona msimamizi anajinufaisha, ana haki ya kuomba aondolewe. Nilimwuliza kama haki hiyo ni ya mwanamke aliyeolewa pia. Akanitazama juu ya miwani. “Umetajwa kwenye wosia?” Nikasema ndiyo. “Basi huko kwingine unakotaja mimi sikujui.”

Baba mdogo hakuwa ameomba ruhusa yoyote. Baba hakuacha deni. Na Khuphe, kumbe, ni baba mkwe wa binti yake Nothando. Ndiyo maana nyumba ilikwenda kwa bei ambayo haimtoshi mtu kununua hata kibanda cha kuku.

Tukaitwa sote mbele ya Bi Mhlanga. Khuphe alikuja na wakili, baba mdogo akaja na tai. Alipoulizwa kwa nini hakuwahusisha warithi, alipapasa tai, akainuka, akanyoosha kidole kwangu, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika barabarani, “Mwenye nyumba alikubali! Mehluli, mtoto wa kiume, alikubali kwenye simu mara ya kwanza tu nilipomwuliza. Na sehemu yake nilimtumia. Lile gari la abiria analoendesha Francistown mnadhani kalitoa wapi?”

Ndiyo, mdogo wangu. Najua. Nimejua tangu siku ile.

Sikha aliinama akaficha uso kwenye kichwa cha mtoto. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira nyingi mno. Ulinipigia Mei ukaniuliza habari za nyumbani. Nikakueleza taabu zote za Khuphe, nawe ukasema, “Pole sana, dada.” Pole sana!

Bi Mhlanga akasema ridhaa ya mrithi mmoja haiwafungi wengine wawili, na kwamba mauzo hayatapata kibali. Hati haitahamishwa. Khuphe adai pesa zake kwa aliyezipokea. Ndipo baba mdogo akataka jina lako lifutwe, maana umeshachukua chako, nyumba ibaki kwetu wawili tu. Nadhani alifikiri tutafurahi. Nilisimama nikakataa. Nikasema alichokupa hakikutoka kwa baba yetu. Fungu la Mehluli liko kwenye wosia na halina mtu wa kulifuta, si msimamizi, si mimi. Sikha akasema, “Na mimi nakataa.” Nilipigania haki yako, Mehluli, wakati wewe ulishaiuza yangu. Usiniulize kwa nini. Sikufanya kwa ajili ya uzuri wako.

Baba mdogo amejiuzulu kwa hasira kabla hajaondolewa, na hesabu bado anadaiwa. Khuphe anamfuata yeye, naye atakufuata wewe. Hilo ni lenu. Hatutauza hata tofali moja kukutoa humo, na ukituma mtu wa kutubembeleza, mwambie aje ameshiba.

Chumba chako kipo. Tumekifagia. Ukija, hutapita kwa baba mdogo wala kwa shangazi. Utagonga mlango wa mbele, utatutazama mimi na Sikha usoni, na utasema ulichofanya kwa mdomo wako. Baada ya hapo utakaribishwa ndani, kwa sababu ni kwenu. Kabla ya hapo, hapana.

Wabusu watoto. Lorato mpe salamu zangu zote, yeye hana kosa. Shangazi naye anakusalimu. Maneno aliyoongeza siyaandiki.

Ni mimi dada yako, mrithi mwenzako,

Thandolwenkosi Dlodlo