Kaka, Njia Yako Haikuwa na Kosa

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute u mzima, wewe na wifi na watoto. Mgongo umepoa? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba huko stoo bado unanyanyua mifuko ya saruji kama kijana, na ukikatazwa unajifanya kiziwi. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mimi ningali kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi mashuka tangu asubuhi.

Juzi nilikukumbuka hadi nikaunguza foronya. Nilikumbuka mwaka wangu wa kumaliza shule, ulivyonikalisha kwenye meza ya jikoni na saa mbele yangu. Ulivaa viatu vya baba, ukawa unapita nyuma yangu kwa kishindo huku ukikohoa, eti nizoee msimamizi. Mama akauliza kama umepatwa na kifaduro. Ulinifundisha nisishike kalamu kabla ya kusoma karatasi yote, mikono niiweke magotini, nivute pumzi taratibu. Ulisema mtihani ni kama kuingia ukumbi uliojaa watu: unasalimiana kwanza na unaowajua, wageni mtajuana baadaye. Swali likikukazia macho, liache, rudi kwake mwishoni. Na jioni ya mwisho ukayafungia madaftari yangu kabatini, ukaniambia kichwa si gunia, nile, nisali, nilale.

Jumamosi zile watoto wa mtaa mzima walikuja kwako kufundishwa; barazani hapakuwa na pa kukanyaga.

Kisha nikaleta habari kwamba nimeanguka hesabu. Baba alikuambia umenijaza michezo badala ya hesabu. Jumamosi iliyofuata uliwarudisha watoto wote makwao, na hukumfundisha mtu tena.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Mpwa wako, huyu kitinda mimba wangu, ana mtihani wiki tatu zijazo. Si mvivu. Nyumbani anajibu kila unachomuuliza, ila akipewa jaribio darasani anatapika, anarudisha karatasi nusu tupu. Nilimwambia akupigie wewe. Alirudi akasema mjomba amekataa kwa upole, kwamba alishamharibia mama mtu na hataki kuharibu wawili. Kaka, maneno hayo yalinikata maini. Nilisali siku tatu nikitafuta pa kupenyea, Mungu hakunionyesha.

Hesabu sikuanguka. Sikuifanya. Ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza. Nilifika mlangoni, nikaona madawati yametenganishwa, kila moja na namba yake, miguu ikakataa kuingia. Nikaenda kujifungia chooni mpaka kengele ya kumaliza ikalia. Wewe ulinipokea njiani ukiniuliza kama njia yetu imenifaa, nami nikakuambia nimeifuata yote, ila uliyonifundisha hayakutoka. Kesho yake niliingia, nikaweka mikono magotini kama ulivyosema, na karatasi zote zilizobaki nilipasi. Hilo hakuna aliyelitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kusoma matokeo, nikarudi na la hesabu tu mdomoni. Baba alipokugombeza nilikuwa nimekaa palepale, nakula. Siku ya kwanza niliogopa kuchapwa. Miaka ishirini na tisa iliyofuata niliogopa uso wako. Nisamehe, kaka.

Barua hii nimemsomea mpwa wako kabla ya kuifunga, nikidhani atanionea aibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mlango wa kile choo ulikuwa na komeo kwa ndani. Hapo nikajua ameshaanza kupanga. Mimi sina cha kumfundisha, ninachojua ni kukimbia. Kwa hiyo Jumamosi nitamleta mwenyewe. Ukinikasirikia mimi una haki, nitakaa kituoni kusubiri basi la kurudi, yeye mpokee.

Baba yao anakusalimu sana. Mwambie wifi asihangaike kupika, tutafika tumekula. Mungu akulinde, na moyo wako aulainishe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto